Viatu vya hija

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nakuja na mada ambayo wengine mtaicheka: viatu. Si viatu vya harusini, wala zile raba za mtumba tunazogombania Karume. Nazungumzia viatu vya mtu anayekwenda kuhiji kwa miguu.

Chanzo ni shangazi yangu wa Bukoba. Ameweka nadhiri ya kutembea kutoka mpakani Mutukula hadi Namugongo, zaidi ya kilomita 200, ili awahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Nadhiri yenyewe sina neno nayo. Tatizo ni kwamba anataka kwenda peku. Anasema mahujaji wa zamani walitembea peku, na kwamba ukishavaa viatu hiyo si hija tena, ni matembezi. Huu ni mwaka wa tisa tangu aambiwe ana kisukari.

Kubishana na shangazi kuhusu dini siwezi, atanimaliza. Lakini aliposema "mahujaji wa zamani" aliingia kwenye historia, na huko angalau naweza kwenda kuchungulia.

Nikaanzia Hispania, kwa sababu njia ya kwenda Santiago de Compostela, mji unaoaminika kuwa na kaburi la Mtume Yakobo, imeandikwa sana. Kuna kitabu cha karne ya 12 kiitwacho Codex Calixtinus, na sehemu yake ya tano ni mwongozo wa msafiri: mito ipi ina maji mabaya, watu gani wa kuwaogopa, vivuko vipi vina matapeli. (Mwandishi anawasema vibaya watu wa Navarra mpaka unawaonea huruma.) Akifika Santiago anaeleza uwanja ulio mbele ya mlango wa kaskazini wa kanisa, na bidhaa zinazouzwa pale: makombe ya baharini, ambayo ndiyo alama ya hujaji wa Yakobo, viriba vya divai, mikoba ya ngozi, mikanda, dawa za mitishamba. Na viatu.

Hapo nilisimama. Viatu vinauzwaje mwisho wa safari? Kisha nikakumbuka kwamba hapakuwa na basi la kurudi. Mtu aliyetoka Paris kwa miguu alikuwa amefika nusu tu ya safari yake; akishasali anageuka na kuanza upya. Viatu alivyokuja navyo vilikuwa vimekwisha.

Na vilikuwa vinakwisha upesi kweli. Kiatu cha kawaida cha Ulaya enzi hizo kilishonwa ndani nje kisha kikageuzwa, soli yake ni ngozi tu, kisigino hakina. Kwenye mawe na matope hakidumu. Ndiyo maana kutengeneza viatu kulihesabiwa kuwa sadaka. Pale Roncesvalles, kwenye milima ya Pirenei, palikuwa na nyumba ya kupokea mahujaji, na shairi la Kilatini la karne ya 13 linaisifu kwa sababu watu wake waliwaosha wasafiri miguu na kuwatengenezea viatu. Hawakuwaambia wavivue waendelee peku wapate thawabu zaidi.

Mwaka 1986 mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika kanisa kuu la Worcester, Uingereza, walikuta kaburi la mtu wa karne ya 15. Alizikwa na fimbo yake yenye ncha ya chuma, kombe la baharini, na miguuni buti za ngozi zinazofika karibu na magoti. Waliomzika walijua huyu alikuwa hujaji, na walipotaka aonekane hujaji hata kaburini, walimvalisha buti.

Vifaa vingine vilikuwa vichache, na kila kimoja kilipewa maana. Mkoba uwe mdogo, wa ngozi ya mnyama, mdomo wake wazi usiofungwa: mdogo kwa kuwa hujaji hubeba kidogo na kumtegemea Mungu, wazi kwa kuwa anachopewa naye humpa mwingine. Fimbo iliitwa mguu wa tatu, nayo ilifaa pia kufukuzia mbwa. Mkoba na fimbo vilibarikiwa kanisani kabla ya mtu kuondoka. Kwa hiyo kuchagua vifaa hakukuwa kinyume cha hija, kulikuwa mwanzo wake.

Je, peku hawakuwapo? Walikuwapo, tena wengi, na wengine walihukumiwa kutembea hivyo kama adhabu ya dhambi. Lakini angalia wale maarufu. Mfalme Henry II wa Uingereza mwaka 1174 alikwenda Canterbury kutubu kifo cha Thomas Becket. Alikuja kwa farasi, akashuka karibu na mji, akavua viatu na kutembea peku kipande cha mwisho. Jean de Joinville, mwaka 1248, aliondoka nyumbani kwake peku na shati tu, akazuru makanisa ya jirani. Kisha? Akapanda mashua kwenda Marseille. Peku ilikuwa ya kuanzia au ya kumalizia, pale mwili unapoweza kuivumilia.

Jirani yangu Mwislamu nilipomsimulia akacheka, akasema kwao suala hili lina jibu la siku nyingi. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mzee aliyekuwa akikokotwa katikati ya wanawe wawili kwa sababu aliweka nadhiri ya kutembea. Mtume akasema Mungu hana haja ya mtu huyo kujitesa, akaamuru apande mnyama. Na dada yake Uqba bin Amir alipoweka nadhiri ya kwenda kwa miguu kwenye Nyumba ya Mungu, jibu likawa: atembee, na apande pia.

Turudi Uganda. Mashahidi wenyewe walitembezwa kutoka Munyonyo wakiwa wamefungwa, mwishoni mwa Mei 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Gonzaga Gonza minyororo ilimchana miguu mpaka akashindwa kuendelea, akauawa njiani tarehe 27. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Najua shangazi anataka kuonja kidogo maumivu yale, na hapo simcheki hata kidogo. Ila kisukari kikishakula mishipa ya fahamu ya nyayo, maumivu huyasikii. Unakanyaga msumari Masaka, unaugundua Kampala, na kidonda kama hicho ndicho watu hukatwa mguu. Toba ya kuumia bila kusikia inatubu nini?

Nimempelekea haya yote. Amekubali nusu: atavaa viatu mpaka karibu na Namugongo, kisha "tutaona". Daktari wake amesema hata hiyo hatua ya mwisho hapana, kwa hiyo mazungumzo yanaendelea. Wakati huo huo nimemnunulia raba zenye soli nene na nafasi mbele ya vidole, maana mguu huvimba ukitembea kutwa. Ameanza kuzivaa sasa, miezi mitatu kabla, kwenda sokoni na kanisani. Soksi jozi nne zisizobana. Kioo kidogo cha kukagulia nyayo kila jioni. Begi jepesi, chupa ya maji, mwavuli, dawa zake na glukosi. Katambuga amezitaka mwenyewe. Nimemkatalia, maana mkanda wa tairi huchuna ngozi na yeye hatajua.

Kama kuna mdau amewahi kutembea Mutukula hadi Namugongo, naomba aniambie alivaa nini, na siku ya ngapi malengelenge yalianza.