Wakili wa Vitabuni na Wafungwa wa Kweli

Mpenzi wa riwaya za mahakamani, Perry Mason unamjua: kesi ikimbana, ndipo shahidi wa uongo anapoumbuka. Aliyemtunga, Erle Stanley Gardner, alikuwa wakili kweli huko California tangu 1911. Mason akatokea kitabuni 1933.

Lakini utamu wenyewe haumo riwayani. Mwaka 1948 Gardner na jarida la Argosy walianza kufukua kesi za wafungwa waliolia kuwa wameonewa. Hawakuwa na joho wala rungu la hakimu. Walikuwa na wapelelezi, wataalamu, na wasomaji wa kupaza sauti. Bill Keys, mchimba madini aliyehukumiwa 1943, alipata msamaha kamili 1956.

Eti hadithi za kesi ni za kupotezea wakati? Kamuulize mfungwa!