Kutoka ‘Capital’ hadi Makao Makuu: Historia ya Tafsiri Moja Mjini Dodoma, 1973–2018

Chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1973 ili kuijenga Dodoma kilikuwa na majina mawili. Kwa Kiingereza kiliitwa Capital Development Authority, na ufupisho wake, CDA, ndio uliozoeleka midomoni mwa watu. Kwa Kiswahili kiliitwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Kisheria majina hayo yalikitaja chombo kimoja. Kimaana hayakulingana. Makala hii inachunguza asili na matumizi ya neno ‘capital’ pamoja na tafsiri yake hiyo, na inajenga hoja kwamba tafsiri ilichukua sehemu moja tu ya maana ya neno la Kiingereza, yaani mahali pa kukaa utawala, na kuiacha nje sehemu inayohusu mali. Sehemu iliyoachwa nje ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mgogoro kati ya mamlaka na wakazi.

Asili ya ‘capital’ ni neno la Kilatini ‘caput’, lenye maana ya kichwa. Liliingia katika Kiingereza wakati wa Zama za Kati kupitia Kifaransa cha Kale, na baadaye likatanuka kimaana. Mji ulio kichwa cha nchi uliitwa hivyo. Herufi inayoanza sentensi pia. Adhabu inayoondoa uhai iliitwa hivyo kwa kuwa mkosaji alilipa kwa kichwa chake. Na fedha ya msingi katika biashara ikapewa jina hilohilo. Katika ukoo huo wa maneno limo pia ‘cattle’, ambalo hapo awali lilimaanisha mali kwa jumla kabla ya kubaki na maana ya ng’ombe.

Kiswahili hakikuurithi ukoo huo. Kila maana ilipata jina lake: mji mkuu, herufi kubwa, adhabu ya kifo, mtaji. Neno lililo karibu zaidi na asili ya Kilatini ni rasilimali, lililotokana na Kiarabu ‘ra’s al-mal’, yaani kichwa cha mali. Lakini leo halitumiki kwa mji. Ubepari nao umetoka katika neno bepari, la asili ya Kihindi, lililomtaja mfanyabiashara. Kwa sababu hiyo, nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 iliweza kuupinga ubepari na, miaka sita baadaye, kuanza kujenga makao makuu bila maneno hayo mawili kugusana hata kwa sauti. Kwa Kiingereza, ‘capitalism’ na ‘capital’ yasingeweza kufichana hivyo.

Swali la kihistoria ni kwa nini jina la mamlaka halikuwa la ‘mji mkuu’, ilhali Kiswahili tayari kilikuwa na istilahi hiyo. Jibu linapatikana katika matumizi ya ‘makao makuu’. Neno makao limetokana na kitenzi kaa, na istilahi nzima hutumika kwa ngazi yoyote ya taasisi: makao makuu ya wilaya, ya mkoa, ya polisi, ya benki. Ni lugha ya utawala na ya chama. Uamuzi wa mwaka 1973 ulifikiwa ndani ya TANU baada ya suala hilo kupelekwa kwenye matawi yake, na lengo lilikuwa kuhama katika muda wa miaka 10. Sababu zilizotolewa, zikiwamo Dodoma kuwa katikati ya nchi na haja ya kuisogeza serikali karibu na wananchi wa vijijini, zilihusu mahali pa viongozi kukaa kuliko ukubwa wa mji. Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Bagamoyo kama kituo cha utawala wa Kijerumani mwaka 1891, ilikuwa mji wa bandari. Ofisi zingeweza kuhama, lakini bandari isingehama.

Istilahi hiyo ilikuwa na sifa nyingine: makao ya taasisi mbalimbali yanaweza kuhama moja baada ya jingine. Chama Cha Mapinduzi kiliweka makao makuu yake Dodoma, na Bunge likahamia mwaka 1996, huku wizara nyingi zikiendelea kubaki Dar es Salaam. Inaweza kupingwa kwamba ucheleweshaji ulisababishwa na fedha wala si maneno. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na msukosuko wa uchumi uliofuata vilidhoofisha uwezo wa serikali. Hata hivyo, uhaba wa fedha hueleza kwa nini ujenzi ulikwama. Haueleze ni kwa namna gani uamuzi uliokwama uliendelea kutajwa kama jambo lililokwisha kufanyika. Hapo ndipo neno lilipofanya kazi. Mradi taasisi moja au mbili zilikuwa zimehamia, kauli kwamba Dodoma ni makao makuu haikuwa ya uongo.

Kwa wakazi, hali ilikuwa tofauti. Mpango Mkuu wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulichorwa juu ya ardhi ya Ugogo iliyokuwa ya kilimo na ufugaji. Utafiti wa Peter Rigby uliochapishwa mwaka 1969 ulikwisha kuonyesha jinsi ng’ombe walivyounganisha mali na udugu miongoni mwa Wagogo. Kwa mfugaji wa huko, kauli kwamba mifugo na ardhi ya malisho ndiyo mtaji haikuhitaji somo la Kilatini. CDA ilikuja kwa jina la makao ya serikali, lakini mwananchi alikutana nayo kama mwenye ardhi: ndiyo iliyopima viwanja, iliyovigawa, na iliyotoa hati za miaka 33 badala ya miaka 99. Maana ya mali, ambayo jina la Kiswahili liliiacha nje, ilirudi kupitia kiwanja.

Mwisho wa mamlaka hiyo unaunga mkono tafsiri hii ya historia. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingehamia Dodoma, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia Septemba mwaka huohuo. Kuhamia huko hakukuipa CDA nguvu mpya. Mei 2017 Rais aliivunja, akakabidhi majukumu yake kwa Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma, na kuagiza hati za miaka 33 zibadilishwe kuwa za miaka 99. Kwa maneno mengine, chombo cha makao makuu kilivunjwa wakati ambapo makao yalikuwa yanahamia kweli, na suala la ardhi lilikuwa miongoni mwa yaliyoamuliwa siku hiyo. Aprili 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kuitambua rasmi kuwa makao makuu ya nchi.

Historia hii inawahusu watafiti wa sera kwa namna mbili. Kwanza, nyaraka za Kiingereza na za Kiswahili kuhusu Dodoma hazipaswi kusomwa kana kwamba moja ni nakala ya nyingine; kinachoahidiwa katika lugha moja huenda hakimo katika nyingine. Pili, anayepima mafanikio ya uhamisho kwa kuhesabu wizara zilizohamia anapima maana ya ‘makao’ peke yake. Kipimo cha pili ni usalama wa ardhi ya waliokuwa wakikaa hapo kabla ya serikali kuja kukaa.