Sitiari ya Msimbo katika Historia ya Jeni

Makala haya yanafuatilia sitiari moja iliyohamia katika maabara, nayo ni ile inayoichukulia DNA kuwa msimbo. Hoja yetu ni kwamba sitiari hiyo ni halali inapoeleza uhusiano mmoja mahususi wa kikemia, lakini hupotosha inapopanuliwa hadi kumeza kiumbe kizima.

Katika mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka 1943, mwanafizikia Erwin Schrödinger alidai kwamba kromosomu hubeba mpango mzima wa ukuaji wa kiumbe kwa mwandiko wa siri. Isitoshe, alizipa kromosomu hizo kazi ya kuutekeleza mpango wenyewe. Kwa hivyo, Watson na Crick walipolieleza umbo la DNA mwaka 1953, msamiati wa msimbo ulikuwa ukiwasubiri. Mwaka 1954 George Gamow, naye mwanafizikia, aliuliza ni vipi besi 4 za DNA huainisha asidi amino 20, akalichukulia swali hilo kama fumbo la kihesabu. Mwaka 1957 Crick, Griffith na Orgel walibuni msimbo usiohitaji alama za vituo, uliotoa idadi ya 20 barabara. Ulipendeza mno, ila haukuwa wa kweli.

Jibu lilitoka kwenye kemia. Mwaka 1961, huko Bethesda, Marekani, Nirenberg na Matthaei walitia RNA yenye besi ya aina moja tu, yurasili, katika mchanganyiko uliotokana na bakteria, wakapata mnyororo wa fenilalanini. Kufikia mwaka 1966 jedwali lilikuwa limekamilika: vikundi 64 vya besi tatu tatu, 61 vikiwakilisha asidi amino na 3 vikiashiria kikomo.

Katika jedwali hili sitiari inastahili, kwani kila kikundi husimamia kitu kingine kupitia chombo cha kukifasiri. Hata hivyo, mwaka 1979 ilibainika kwamba katika mitokondria za binadamu kikundi UGA, ambacho kwa kawaida huashiria kikomo, huleta triptofani. Maana, basi, hutegemea pia mfumo unaosoma.

Ushahidi wa Afrika Mashariki unaipanua hoja hii. Mwaka uleule wa 1954, Anthony Allison alionyesha kwamba jeni ya selimundu imeenea zaidi pale malaria ilipoenea. Aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Badiliko ni la besi moja, ilhali thamani yake huamuliwa na jeni ya mzazi wa pili na kuwapo kwa mbu.

Suala hili si la istilahi tu. Katika Kiswahili, mtu aliyeandikiwa jambo hana budi nalo. Tukisema kwamba ugonjwa, akili au tabia ya mtu imeandikwa katika jeni zake, tunaipa kemia mamlaka ya majaaliwa. Mhakiki anayejua kwamba neno hupata maana katika muktadha hana sababu ya kuisamehe sitiari hii isihojiwe.