Fishie yako inakaa wapi ndani ya kle USB?

Hapa Likasi, wanafunzi wengi wanabeba TFC yao ndani ya kle USB. Ni vizuri kujua namna ordinateri inavyopanga fishie humo.

Sistemu kama Windows inakata nafasi ya kle vipande vidogo-vidogo, na fishie moja inaweza kutawanyika katika vipande vingi. Kisha kuko jedwali linaloonyesha kila kipande kiko wapi, sawa na kitabu cha depo. Mpango huo unaitwa FAT; Microsoft iliuanzisha mwaka 1977. FAT32, ya 1996, haipokei fishie ya giga 4: video ndefu ya ndoa inakataa hata kama nafasi iko. ExFAT, ya 2006, inaipokea.

Ukifuta fishie, sistemu inaandika tu kwamba nafasi yake iko wazi. Maandishi yenyewe yanabaki mpaka fishie ingine ikae juu yake. Kwa hiyo, ukifuta TFC kwa makosa, usiweke tena kitu katika kle hiyo; peleka kwa fundi.

Umeme ukikatika ao ukichomoa kle wakati inaandika, jedwali linaweza kuharibika. Toa kle kwa utaratibu, na weka kopi ya pili pahali pengine.