Jamaa katika Vitabu vya Hesabu

Mwinjili Luka atuambia kwamba Yosefu alikwenda Betlehemu kwa sababu ya hesabu ya watu. Kaisari alitaka kujua wingi wa watu wake. Mapendo ya nyumba ile hakuyauliza. Ndivyo vilivyo vitabu vya hesabu: anayeandika aandika lile analolihitaji. Je, twaweza kusoma humo maisha ya watu maskini? Naam, tukijua kusoma.

Tutazame kwanza Uskoti, nchi ya Livingstone. Kule serikali ilihesabu watu kila miaka 10, na tangu 1841 iliandika majina nyumba kwa nyumba. Wafanyakazi wa mashamba hawakuwa na udongo wao. Walifanya mapatano ya miezi 6 au ya mwaka, kisha wengi walihamia kwa bwana mwingine. Upande wa kusini-mashariki, mwanamume aliyepewa nyumba alipashwa kuleta na mwanamke wa kulima, na sehemu kubwa ya mshahara ilikuwa nafaka. Tangu 1851 karani aliandika pia parokia alimozaliwa kila mtu. Mtoto wa kwanza huku, wa pili kule, wa tatu mahali pengine: hivyo watoto waonyesha safari ya baba, hata kama baba hakuacha barua. Lakini kazi ya mama mara nyingi haikuandikwa. Aliitwa mke wa fulani, basi.

Sasa turudi kwetu. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, kwanza ilitafuta wanaume peke yao, kwa mapatano mafupi. Wengi walikufa kambini, wengi walikimbia. Kwa hiyo, mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iligeuza desturi: mapatano ya miaka 3, na mfanyakazi aje na mke wake. Ndipo jamaa ilipoingia katika vitabu vya kampuni, kwa sababu ya posho: mke na watoto walihesabiwa ili unga upimwe. Mji wa Kolwezi ulipoanza, 1937, wengi waliingia kambini wakitoka mbali. Tuseme jamaa moja: mtoto wa kwanza alizaliwa Kasai, wa pili Likasi, wa tatu Musonoi. Ni kama kule Uskoti.

Lakini sisi tuna kitabu kingine. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko waandike ndoa, na wazazi wa ubatizo pia. Kitabu hiki hakipimi unga. Padri Placide Tempels, Mfransiskani, alipoanza Jamaa huku Kolwezi katika miaka ya 1950, aliwaita mume na mke pamoja, baba na mama. Kitabu chetu kipashwe kufanya vilevile.

Katika parokia moja niliyotumikia, mjane alikuja kutafuta ubatizo wa mwana wake. Tuliona jina la baba, hata namba yake ya kazi. Mahali pa mama palikuwa patupu. Mzee yule alinyamaza, kisha akauliza: «Padri, basi mimi sikumzaa?» Sikuwa na jibu.

Hesabu ya watu wote wa nchi yetu ya 1984 imekwisha kuwa ya zamani. Kampi nyingine zimebomolewa, wazee wanakufa. Kwa jamaa nyingi kitabu cha parokia ndicho kinachobaki. Ndugu waseminari, na ninyi makatekista mnaoleta majina kwa padri: ulizeni jina la mama, ulizeni kijiji, andikeni kwa herufi zinazosomeka. Mstari mmoja ulioachwa leo ni mtu aliyepotea kesho.