Ndoa na wajibu wa kifamilia kisiwani Lewis baada ya 1918

Ndoa na wajibu wa kifamilia katika kisiwa cha Lewis, Uskoti, vilitikiswa vibaya na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maelfu ya wanaume walikwenda vitani, wengi wakiwa mabaharia. Pigo chungu kuliko yote lilikuja vita vikiwa vimekwisha: usiku wa kuamkia 1 Januari 1919, meli Iolaire iliyokuwa ikiwarudisha baadhi yao nyumbani iligonga miamba karibu na bandari ya Stornoway. Walikufa watu wapatao 200, nchi kavu ikiwa hatua chache tu, na jamaa zao wakiwangoja kwa Mwaka Mpya.

Wajibu wa kifamilia ulifungamana na ardhi: sheria ya 1886 iliwahakikishia wakulima wadogo haki ya kubaki kwenye mashamba yao ya kukodi na kuyarithisha ndani ya familia. Hivyo mrithi aliachiwa pia wazazi wazee wa kutunzwa. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekufa, mzigo huo uliwaelemea hasa wajane na mabinti, waliolima, wakachunga ng'ombe na kukata udongo wa kinamasi wa kuchoma kama kuni. Mabinti wengi waliahirisha ndoa au hawakuolewa kabisa.

Wanaume walipungua zaidi Aprili 1923, meli Metagama ilipowachukua vijana wapatao 300, wengi wao wanaume, kwenda Kanada.