Swali la Kibiti na setilaiti iliyoitwa Uhuru

Nimerudi chuo kutoka mazoezi ya kufundisha Kibiti, nimeungua jua mpaka roommate kanipita getini. Nimerudi na deni.

Nilikuwa na kidato cha kwanza, Jiografia, mfumo wa jua. Nikajitia ujuzi, nikagusia maada giza. Binti mmoja wa huko Delta akauliza: "Mwalimu, kama haionekani, nani kaiona?" Darasa likacheka. Kengele ikaniokoa.

Basi nimehamia maktaba. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi za kundi la Coma, akakuta zinakimbia mno. Kwa uzito unaoonekana zingekuwa zimeshatawanyika. Wengi hawakumjali. Mwaka 1941 Erik Holmberg wa Sweden, bila kompyuta, alipanga balbu 74 kuigiza galaksi mbili zikipishana, maana mwanga hufifia kwa umbali kwa kanuni ileile ya uvutano. Balbu jamani!

Ila kilichonitoa jasho kiko pwani yetu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei za angani, ikakuta zinatoka hata kwenye makundi ya galaksi. Baadaye ikathibitika ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi ya moto hivyo ingeshatoroka zamani, isipokuwa kuna kitu kizito kimeishikilia. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi ile, alipata Nobel 2002. Mimi nimekaririshwa uhuru wa 1961 na 1963. Huu wa 1970 sikuwahi kuusikia darasani.

Mwaka 2005 timu ya Volker Springel iliingiza chembe zaidi ya bilioni 10 za maada giza kwenye kompyuta kubwa Ujerumani, ikakokotoa kwa takriban mwezi. Zikajivuta zenyewe zikawa kama nyuzi za wavu, na kwenye mafundo ndiko galaksi zinakojaa. Ukiiona picha utadhani ramani ya Delta, ila Rufiji inagawanyika na zile zinakutana.

Nimemwandikia yule binti barua. Nimemwambia nahodha wa Nyamisati haoni mkondo, anaangalia majani ya mkoko yanavyokwenda. Naipeleka posta bumu likitoka.